Nani Amechelewa?

Mkoa wa Mtwara una misimu miwili inayojulikana na kila mtu, wa mvua na wa korosho. Anayekaa vya kutosha huutambua na wa tatu: msimu wa viongozi kumfokea mkandarasi kando ya barabara. Msafara unasimama, vumbi linatua, mhandisi wa kampuni mwenye kizibao cha njano anasogezwa mbele ya kamera na kuulizwa kwa nini kazi iko nyuma ilhali muda unayoyoma. Anajibu kwa sauti ambayo kipaza sauti hakiikamati. Anapewa miezi miwili. Watu wanapiga makofi. Kesho yake greda linanguruma, wiki ya pili linanyamaza.

Sina ugomvi na ukali. Wakandarasi wazembe wapo, na wapo wanaoomba kazi wasiyo na mitambo wala mtaji wa kuifanya. Lakini aliyewahi kuusoma mkataba wa barabara, hata kwa kuparuza, haanzi na swali la kwa nini mkandarasi amechelewa. Anauliza: kati ya wawili waliotia saini, nani alichelewa kwanza? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani amlipe nani. Na mara nyingi, katika barabara zinazojengwa kwa fedha za umma, jibu lake halifurahishi meza kuu.

Chukua barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, kilomita 210, ambayo huku huitwa barabara ya uchumi. Ipo njia nyingine ya lami kwenda Masasi, ile ya Mingoyo na Ndanda, lakini hiyo inapita bondeni. Korosho nyingi ziko juu, kwenye uwanda wa Makonde. Serikali iliamua kuijenga barabara ya juu kwa vipande. Kipande cha kwanza, Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kilipangiwa fedha za ndani na kukabidhiwa kampuni ya Dott Services ya Uganda kwa bei iliyokaribia shilingi bilioni 90. Aprili 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi. Kilomita 160 zilizobaki hadi Masasi, pamoja na daraja la Mwiti, zilisubiri mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Zikagawanywa mara mbili, Mnivata hadi Mitesa kilomita 100 na Mitesa hadi Masasi kilomita 60, na kazi wakapewa wakandarasi kutoka China. Katika kusubiri huko, gunia la korosho kutoka Newala lilikula vumbi mpaka Mnivata, kisha likaonja lami kwa kilomita 50 za mwisho kabla ya bandari.

Kwa dereva wa lori hiyo ni barabara moja. Kwa mhasibu ni dunia mbili. Fedha za mkopo huwa zimetengwa kwa jina la mradi. Mkopeshaji anaweza kumlipa mkandarasi moja kwa moja, na kabla ya hapo hudai ripoti, vipimo na idhini mpaka watu wachoke. Fedha za ndani hutegemea mfuko wa mwezi husika: Hazina imekusanya nini, na nani mwingine yuko kwenye foleni. Ndiyo maana kilomita zinazofanana, za udongo uleule, chini ya wakala uleule wa barabara, TANROADS, zinaweza kwenda kwa kasi mbili tofauti bila mtu yeyote kuwa mvivu.

Hapa inafaa tuingie kwenye karatasi yenyewe. Kila mwisho wa mwezi mkandarasi hupima alichofanya: mita za ujazo za kifusi, idadi ya makalvati, mita za mraba za lami. Huandika madai. Mhandisi mshauri, ambaye analipwa na mwajiri lakini anatakiwa kuhukumu kwa haki, huenda kuhakiki, hukata asichokiona na kutoa hati ya malipo. Katika masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999 ambalo limezoeleka sana katika mikataba mikubwa, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati hiyo na mwajiri ana siku 56 za kulipa, zote zikihesabiwa tangu madai yalipopokewa. Siku ya 57 riba inaanza kupanda yenyewe, bila barua wala maombi. Mkandarasi akitoa notisi ya siku 21, anaruhusiwa kupunguza kasi au kusimamisha kazi kabisa, na muda uliopotea kwa sababu hiyo anaweza kudai uongezwe kwenye mkataba wake, pamoja na gharama ya mitambo iliyolala.

Sasa turudi kwenye msafara. Greda lililonyamaza lile, ambalo mbele ya kamera ni ushahidi wa uzembe, huenda limenyamaza kisheria. Kiongozi anayemfokea mhandisi wa kizibao cha njano huenda anamfokea mtu anayeidai serikali. Mhandisi hawezi kusema hivyo hadharani. Kampuni yake inataka zabuni ijayo. Anainamisha kichwa, anarudi ofisini kwenye kontena, anaandika barua ya madai ndani ya siku 28 kama mkataba unavyotaka, anaibandika nakala ya picha za magazeti. Miaka mitatu baadaye barua hiyo itakuwa na thamani kuliko makofi yote.

Tufanye hesabu ya kubuni, kwa ajili ya kuona tu. Hati ya shilingi bilioni 4 imechelewa siku 300, na riba ya mkataba ni asilimia 12 kwa mwaka. Riba peke yake ni karibu shilingi milioni 395. Fedha hiyo hainunui hata toroli la kokoto. Juu yake weka gharama za kambi, walinzi, mitambo ya kukodi na wahandisi wanaolipwa mishahara wakiangalia mvua. Upande wa pili wa mizani kuna faini ya ucheleweshaji, ile anayokatwa mkandarasi kwa kila siku anayopitiliza, ambayo kwa kawaida huwekewa kikomo cha asilimia 10 ya bei ya mkataba. Mwajiri aliyelipa kwa wakati anaweza kuikata faini hiyo bila kupepesa macho. Aliyechelewa kulipa, akijaribu kuikata, anajibiwa kwa madai ya nyongeza ya muda, na tarehe ya mwisho inasogea mbele kama kivuli cha mchana. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeirudia hoja ya riba za wakandarasi mara nyingi kiasi kwamba msomaji wa kawaida anairuka, kama tunavyoruka matangazo ya vifo ya watu tusiowajua.

Kwa nini Hazina huchelewa? Sababu moja ni ya wazi: makusanyo hayatoshi. Nyingine inatajwa kwa kunong'ona. Jiwe la msingi ni rahisi kuliko barabara. Mikataba mingi inaposainiwa kwa pamoja, kila mmoja hupata malipo ya awali, kila mbunge hupata greda la kuonyesha, kisha keki ileile inakatwa vipande vyembamba mpaka hakuna anayeshiba. Kilomita 50 zinazopata fedha ya kilomita 15 kwa mwaka zitakuja kugharimu zaidi ya kilomita 50. Binafsi ningependa kuona mkoa ukianza barabara moja na kuimaliza kuliko kuanza nne. Najua kwamba anayesubiri zamu ya nne hatakubaliana nami, na ana haki.

Kuna waliojaribu kuikwepa foleni ya Hazina kwa mlango mwingine. Juni 2023 serikali ilisaini mikataba ya barabara saba, jumla ya kilomita 2,035, kwa utaratibu ambao mkandarasi angesanifu, angejenga na pia angetafuta fedha, kisha alipwe baadaye. Mmoja wa mikataba hiyo uligusa kusini: Masasi–Nachingwea–Liwale, kilomita 175. Mpango ule ulisuasua. Mkandarasi anayekuja na fedha huja pia na bei ya fedha, na benki inayomkopesha hutaka dhamana ya serikali ileile iliyokuwa inakimbia kukopa.

Ukali una kilele chake, nacho ni kuvunja mkataba. Wakati mwingine hakuna njia nyingine. Kwenye ushoroba wa Mtwara, kati ya Namtumbo na Tunduru, ubia wa kampuni za Progressive na Higleig ulishindwa kazi, mikataba ikavunjwa na baadaye Sinohydro ya China ikaingia. Lakini kuvunja ni kazi ya sonara. Unapima kilichojengwa mita kwa mita kabla mvua haijakifuta, unadai dhamana ya utendaji benki kabla haijaisha muda, unatangaza zabuni upya, na mkandarasi mpya anapandisha bei kwa sababu anajua una haraka. Ukikosea notisi moja, meza inapinduka.

Nani anaikumbuka ndege ya Canada? Agosti 2017 Watanzania waliambiwa kwamba ndege mpya ya Bombardier Q400 iliyokuwa ikisubiriwa na shirika la ndege la ATCL imezuiwa huko ilikotengenezwa. Aliyeizuia hakuwa mdai wa mambo ya anga. Ilikuwa kampuni ya ujenzi, Stirling Civil Engineering, iliyokuwa na tuzo ya usuluhishi dhidi ya serikali kutokana na mkataba uliovunjwa wa barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo. Deni, pamoja na riba yake, lilitajwa kuwa dola milioni 38. Ndege ilitua Dar es Salaam mwaka 2018. Mjadala wa wakati ule ulikuwa wa nani mzalendo na nani msaliti aliyetoboa siri. Wachache waliuliza ni barua gani haikuandikwa, na nani, na lini, kwenye barabara ya Bagamoyo.

Fedha ikitoka kwa wakati bado kuna mvua. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Fuata kalenda hiyo kwa kidole: bajeti inapita Juni, zabuni inatangazwa Julai au Agosti, tathmini na rufaa zinakula miezi miwili mitatu, mkataba unasainiwa Oktoba, mkandarasi anakabidhiwa eneo na kuleta mitambo Novemba, Desemba inanyesha. Miezi mitano mikavu, Juni hadi Oktoba, ambayo ndiyo ya kushindilia udongo, imepita watu wakifungua bahasha. Siku hizi tuseme wakifungua mafaili kwenye mfumo wa zabuni wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Mfumo umepunguza safari na bahasha za kaki. Haujahamisha mvua. Oktoba hiyohiyo malori ya korosho yanakuwa yameanza kushuka bandarini, kwa hiyo barabara ya mchepuko aliyoichonga mkandarasi inabeba mzigo wa msimu mzima kabla haijakauka vizuri. Kwa kazi za mikoa ya kusini, tarehe ya kuanza kazi ina uzito kuliko bei. Lakini sijawahi kusikia zabuni ikiahirishwa kwa sababu ingesainiwa mwezi mbaya.

Mvua pia hukagua kazi kwa namna ambayo maabara haiwezi. Mei 2024, baada ya miezi ya mvua za El Niño, kimbunga Hidaya kilifika pwani na barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa. Mtwara na Lindi zikawa kisiwa kwa siku kadhaa. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, alihamia huko. Aprili 2025 maji yalikata tena eneo la Somanga. Kipande hicho kina historia yake. Daraja la Rufiji lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Masasi, lilifunguliwa mwaka 2003, lakini kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga, zilizokabidhiwa kampuni ya Kharafi ya Kuwait, ziliendelea kuwa tope muda mrefu kupita ulioandikwa kwenye mkataba. Abiria wa mabasi ya kusini wa miaka ile wanajua kulala Somanga maana yake nini.

Ukisimama kwenye daraja lililosombwa, swali la mkataba ni moja: hii ni kasoro ya mjenzi, ni kosa la msanifu, au ni maji yaliyopita kiwango cha usanifu? Kalvati linalopimwa kwa mafuriko yanayotarajiwa mara moja kwa miaka 25 halina deni kwa mtu yeyote likizidiwa na mafuriko ya miaka 100. Kama ni kasoro, mkandarasi hurudi kuirekebisha kwa gharama yake, ila tu ndani ya kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja baada ya kukabidhi. Mwaka mmoja, kwa barabara inayosanifiwa kuishi miaka 20! Msimu mmoja wa mvua, na pengine wa mvua hafifu. Asilimia iliyozuiwa kwenye malipo yake hurudishwa, mkandarasi hufunga kambi na kwenda. Kinachofuata ni dharura, na dharura zina kanuni zake za manunuzi, za haraka, ambazo kwa kawaida hupendwa sana.

Kuna jambo la mawe ambalo watu wa mikoa mingine hawalijui. Uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu juu ya mchanga. Unaweza kuendesha gari kutoka Mtwara hadi Newala bila kuona mwamba mgumu. Mawe magumu yako Masasi, kwenye vile vilima vya mwamba mtupu vinavyoonekana kutoka mbali. Pwani, kuelekea Msimbati na mlango wa Ruvuma, kuna mawe ya matumbawe na mchanga unaomeza matairi. Maana yake ni kwamba bei ya kokoto Tandahimba ni bei ya dizeli. Mkandarasi aliyekokotoa zabuni yake akiwa Dar es Salaam, akadhani machimbo yako umbali wa kilomita 20, anagundua yako mbali mara kadhaa zaidi, na hapo majaribu yanaanza: kupunguza unene wa tabaka, kuchanganya mchanga na saruji kidogo kuliko inavyotakiwa, kushindilia mara nne badala ya nane. Makosa hayo hayaonekani kwa macho siku ya uzinduzi. Yanaonekana pale malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, Ruvuma, yanapoanza kupita kwenda bandari ya Mtwara usiku na mchana.

Anayeweza kuyaona mapema ni fundi wa maabara wa mhandisi mshauri, kijana mwenye mizani, tanuri na daftari. Ukitaka kujua kama barabara itadumu, muulize kama anapewa gari la kwenda saiti bila kuliomba kwa mkandarasi anayemkagua. Katika mikataba mingi gari la msimamizi, nyumba yake na hata kompyuta yake hununuliwa kupitia mkataba wa mkandarasi, kama kifungu kimojawapo cha orodha ya kazi. Sisemi kwamba gari humnunua mtu. Nasema halimsaidii kusema hapana.

Kwa barabara ndogo, za TARURA, sura ni nyingine. Wakala huo ulizinduliwa Julai 2017 kuchukua barabara za wilaya, za vijijini na mijini, na mwaka 2021 shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli ziliongezwa kwa ajili ya barabara hizo. Mikataba ni midogo, wakandarasi ni wa hapahapa, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imezidi kuwapa nafasi wazawa pamoja na vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni jambo zuri, lenye mtego. Kampuni kubwa ya kigeni ikicheleweshewa malipo miezi sita ina benki ya kuegemea na mwanasheria wa kuhesabu riba. Mkandarasi wa Masasi mwenye greda moja la mkopo hana. Mkataba wake unaweza kuwa na kifungu cha riba kilekile, lakini hathubutu kukidai. Anauza kiwanja, anakopa kwa mtu, na safari ijayo anapandisha bei ili ajilipe riba mwenyewe kimyakimya. Ucheleweshaji wa Hazina hauishi. Unahamia tu kwenye zabuni inayofuata.

Na daraja la Umoja, je? Wazo la kuunganisha kingo za mto Ruvuma, kati ya Tanzania na Msumbiji, lilizungumzwa na Nyerere na Samora Machel mwaka 1975. Daraja lenyewe, mita 720 kule Mtambaswala, lilizinduliwa tarehe 12 Mei 2010 na marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza. Kilomita 65.5 za kulifikia kutoka Mangaka zilikuwa kwenye mkataba mwingine, ndani ya mradi mwingine wa kilomita 202.5, pamoja na kipande cha Tunduru hadi Mangaka, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani, na lami yake ilifika miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo kwa muda mrefu daraja zuri lilikuwa likiunganisha vumbi na vumbi. Hapo swali si la mkandarasi aliyechelewa. Kila mkataba ulikuwa na tarehe zake. Hakukuwa na aliyeajiriwa kuzisoma kwa pamoja.

Kila saiti ya barabara ina bango. Linataja mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, urefu, bei, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Rangi ya tarehe ya pili huwahi kufubaa. Ningeongeza mistari miwili, kwa herufi za ukubwa uleule: hati ya mwisho ya malipo iliwasilishwa lini, na ililipwa lini. Gharama yake ni kopo moja la rangi na fundi wa kurudi kila mwezi. Siku msafara ukisimama pale Mnivata au Kitangari, mama muuza mihogo aliyekaa chini ya bango ataweza kuhesabu siku kwa vidole kabla kiongozi hajashuka kwenye gari, na atajua amtazame nani.